Viatu Mlangoni mwa Hema

Kila jioni, kabla sahani hazijajaa, baba aligonga meza kwa kijiko na kuuliza, "Haya Redio, taarifa ya habari ya leo inasemaje?"

Redio naye alikuwa hangoji kuulizwa mara mbili. Jina hilo alipewa na baba yake tangu alipokuwa mdogo, kwa sababu aliamka akisema na kulala akisema. Sasa alikuwa darasa la sita na hata walimu walikuwa wamesahau kwamba ana jina jingine. Alisimulia nani kasinzia darasani, nani kapigana kwa ajili ya kifutio, mwalimu gani kavaa soksi zisizofanana. Akikosa habari alitia chumvi kidogo, na baba alijua, akacheka vilevile. Mama, ambaye ni muuguzi na hurudi kutoka zahanati miguu imemvimba, alinung'unika tu kwamba chakula kinapoa.

Baba alikuwa msimamizi katika idara ya usafi ya jiji. Koti lake la rangi ya chungwa lilitundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na Redio alilionea fahari kama sare ya jemadari. Hakuna mtu duniani aliyemsikiliza kama baba yake. Hilo aliliamini kabisa, na ndilo lililokuja kumuumiza.

Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa Tiara. Aliitwa hivyo kwa wembamba wake na kwa mbio zake. Tiara na mama yake, fundi wa cherehani, waliishi kwenye mahema katika kiwanja kilicho nyuma ya karakana ya mabasi. Hawakuanzia huko. Walikuwa na chumba cha kupanga, mpaka nyumba za mtaa wao zilipobomolewa kupisha barabara. Wenye nyumba walilipwa, wapangaji wakaambiwa watafute pa kwenda, na kodi huko kwingine ilikuwa imepanda hadi haishikiki. Familia nyingi zikaishia kiwanjani, chini ya maturubai na mapazia ya zamani.

Jiji lilikuwa na sheria moja ya ajabu. Hema lenye mtu halibomolewi mpaka mtu huyo apewe mahali pengine pa kulala. Hema lisilo na mtu huhesabiwa takataka, na takataka ni kazi ya idara ya usafi. Kwa hiyo watu wa kiwanjani walipeana zamu, kila hema na mlinzi wake mchana kutwa. Tiara alishika zamu yake baada ya shule, akifanya hesabu juu ya meza ya cherehani huku mama yake akipeleka nguo kwa wateja. Mara nyingi Redio alikaa naye, na ruhusa ya mama alikuwa nayo.

Siku moja, wakiwa katikati ya sehemu na desimali, Redio aliuliza swali ambalo lilikuwa likimwasha kwa muda mrefu. Siku ya gari la maji inakuwaje? Gari hilo lilisimama mbali, upande wa barabara kuu, na dereva wake alikuwa mkali: mtu mmoja, ndoo moja, na asiyekuwepo hapati. Nani hubaki kulinda?

Tiara alichungulia nje kwanza.

"Habaki mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Ndoo moja haitoshi nyumba nzima, kwa hiyo tunakwenda wote, hata wazee. Tunaacha viatu mlangoni, na ndani tunakunja blanketi lionekane kama mtu kalala. Askari wa jiji akipita anaona viatu, anajua mwenyewe yumo. Ila usimwambie mtu, sawa?"

"Sawa," alisema Redio, na alisema kwa moyo wake wote.

Jioni hiyo kijiko kiligonga meza. Habari za shule zilikuwa kavu siku hiyo, hazina hata kicheko kimoja. Redio alitafuta cha kumchekesha baba, akapata viatu. Akasimulia jinsi ndara zinavyolinda kiwanja kizima, jinsi blanketi linavyokoroma badala ya babu, jinsi askari wanavyopita wakinyata wasimwamshe mtu ambaye hayupo. Aliigiza mpaka mwendo wao. Baba alicheka hadi akapaliwa na maji.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo siku ya maji hakuna hata mmoja anayebaki? Hata yule mzee wa fimbo?"

"Hata yeye," alisema Redio. "Anabebewa ndoo na wajukuu, lakini lazima asimame mwenyewe kwenye foleni."

Mama aliacha kula, akamtazama mumewe. Baba alikuwa ameanza kuzungumzia mambo mengine.

Wiki iliyofuata, siku ambayo haikuwa ya maji, honi ya gari la maji ililia kutoka barabarani. Redio na Tiara walikuwa wamekaa chini na madaftari, na fundi alikuwa anashona sketi ya mteja. Tiara alikunja uso, akasema leo si siku yake. Mama yake naye alisita, mkono juu ya gurudumu la cherehani. Lakini mapipa ya kiwanjani yalikuwa yamekauka tangu asubuhi, na tayari majirani walikuwa wanapita mbiombio na ndoo zao. Fundi alikunja blanketi, akapanga viatu mlangoni, akasema, "Twendeni, kabla foleni haijafika mbinguni."

Walikuwa bado mbali na bomba la gari waliposikia ngurumo nyuma yao. Malori ya jiji yalikuwa yameingia kiwanjani kwa njia ya karakana. Vijana wenye glavu walishuka, na mbele yao alisimama mtu mwenye koti la rangi ya chungwa. Watu walitupa ndoo na kukimbia. Redio alikimbia nao, akijiambia kwamba makoti yale yanafanana yote.

Alifika karibu kiasi cha kusikia. Kijana mmoja alikuwa amesimama mbele ya hema la kina Tiara, akionyesha ndara, akisema humu kuna mtu. Baba alizisogeza kwa ncha ya buti.

"Ni viatu tu," alisema. "Ingieni."

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Turubai lilichanwa, sketi ya mteja ikakanyagwa, na cherehani ikapandishwa kwenye lori miguu juu. Fundi aling'ang'ania mlango wa lori, akilia kwamba hiyo ndiyo inayowalisha yeye na mtoto wake. Mtu mmoja alimjibu, bila hata ukali, kwamba hema lilikuwa tupu na vitu vyake sasa ni vya dampo, vikimaliza siku zake kwenye yadi ya jiji vitasagwa. Baba aligeuka kutoa amri nyingine, na macho yake yakakutana na ya binti yake. Aliinamisha uso.

Tiara alimwona baba akiinamisha uso, akamtazama Redio. Hakuhitaji kuelezwa.

"Nilikwambia usimwambie mtu."

"Sikumwambia mtu," alisema Redio. "Nilimwambia baba."

Tiara alimpa kisogo, akaenda kumshika mama yake.

Jioni hiyo kijiko hakikugonga meza. Baba alirudi amechelewa, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida, akakaa. Hakuna aliyemkaribisha. Alianza kujieleza mwenyewe. Alisema mkuu wa idara alimkalia kooni miezi mingi kuhusu kiwanja kile, kwamba hapana vyoo pale, kwamba watoto wangeugua kipindupindu, kwamba kazi ni kazi.

"Kama ni kipindupindu, mimi ndiye ninayekitibu," alisema mama. "Mgonjwa haponi kwa kunyang'anywa kitanda. Na kutumia maji, mume wangu? Watu wenye kiu unawaita kwa maji?"

Baba alimgeukia binti yake kwa sauti ile ya kubembeleza aliyomzoesha. Alisema hakumtaja kwa yeyote, na kwamba angemwomba radhi hata mara mia.

Redio alikuwa hajagusa chakula. Alihisi ametumiwa kama kitambaa cha kufutia meza, na mtu aliyemtumia ndiye yuleyule aliyemzoesha kumwambia kila kitu.

"Baba, ulipocheka siku ile, ulikuwa unacheka kweli?"

"Nilicheka kweli," alisema baba. "Mwanzoni."

Neno hilo la mwisho lilimchoma kuliko yote. Redio alisimama.

"Basi usiniombe radhi mimi. Waambie hao waliokutuma. Waambie mliwaita watu kwa maji."

Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa kimya. Redio alijibu alipoulizwa, ndiyo na hapana, akaenda kulala. Shuleni dawati la Tiara lilikaa tupu. Ilisemekana kwamba yeye na mama yake walikuwa wanalala kwenye baraza la karakana pamoja na wengine, na fundi alikuwa anashona kwa mkono, sindano na uzi, vifungo na pindo tu. Redio alikwenda mara moja, akasimama ng'ambo ya barabara, akaona aibu, akarudi. Kila siku aliwaza ile cherehani kwenye yadi na siku zake zinavyoyoyoma.

Baba aliona haya yote. Alizoea nyumba yenye makelele, na ukimya ule ulimkosesha usingizi. Baraza la jiji lilipokutana kuipongeza idara ya usafi kwa kazi iliyofanyika bila vurugu, yeye alikuwa ameitwa mbele ili apigiwe makofi. Mama alikuwepo pia, ameomba ruhusa zahanati, na yeye ndiye aliyemsimulia Redio baadaye, kwa sababu baba mwenyewe hakutaka kujisifia.

Baba alisimama mbele ya watu wote akasema hastahili makofi. Mahema yale hayakuwa matupu, alisema. Wenyewe walikuwa umbali wa kurusha jiwe, wamesimama kwenye foleni ya maji ambayo jiji lenyewe lilileta siku isiyo yake ili kuwatoa. Siri ya viatu aliipata mezani kwake kutoka kwa mtoto wake, na aliyeipeleka ofisini ni yeye, si mwingine. Mkuu wa idara aliuma midomo. Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliuliza swali moja tu: je, watu wale walipewa mahali pa kulala kabla ya kuondolewa, kama sheria inavyosema? Mkuu wa idara alianza kupekua makaratasi yake.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Iliamuliwa kwamba vitu vyote virudishwe kabla havijasagwa, na kwamba ghala la zamani la jiji, lililokuwa limefungwa bila kazi, lifunguliwe, litiwe vyoo na mabomba, na familia zikae humo mpaka zipate nyumba za kupanga kwa bei wanayoiweza. Halikuwa jambo kubwa sana, na wengine walisema ghala si nyumba. Walisema kweli. Lakini lilikuwa na paa na mlango wa kufunga kwa ndani. Baba alivuliwa usimamizi, akarudishwa kwenye kuendesha lori, kazi aliyoianzia ujana wake.

Lori la kwanza kurudisha vitu aliliendesha yeye, na Redio alikaa pembeni yake. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimtazama usoni.

Mbele ya ghala, baba aliteremsha cherehani kwa mikono yake. Gurudumu lilikuwa limepinda. Alimwambia fundi kwamba atalipeleka kwa mhunzi yeye mwenyewe, kisha akavua kofia.

"Dada, nimekukosea. Sina cha kujitetea."

Fundi alipitisha mkono juu ya mashine yake pole pole, akikagua kila sehemu, ndipo akasema.

"Umesema kweli mbele ya wakubwa zako, na hilo nimelisikia. Sitakuficha, bado nina hasira na wewe, na siwezi kusema zimekwisha kwa sababu tu umenirudishia kilicho changu."

Kisha akamwita Redio, akamkalisha karibu.

"Na wewe, mwanangu, sikia. Mtoto kumwamini baba yake si kosa, usijitese kwa hilo. Aliyefanya biashara na imani yako ni mtu mzima, na yeye ndiye wa kulibeba. Lakini siri uliyopewa haikuwa yako. Ilikuwa yetu, tumekuazima tu. Kitu cha kuazimwa humpi mwingine, hata umpendaye kuliko wote, mpaka umuulize mwenyewe. Umenielewa?"

Redio aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka. Baba alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi.

Tiara alikuwa akishusha vitu kutoka kwenye lori tangu walipofika, bila salamu. Alipofika kwenye meza ya cherehani aliikuta nzito. Aliangalia huku na huku, akamwona Redio.

"Shika huko," alisema.

Waliibeba pamoja hadi ndani, wakipumzika njiani. Waliiweka karibu na ukuta, pembeni ya mapazia yaliyogawanya ghala. Redio alifuta uso kwa mkono wa gauni lake.

"Mtalala upande gani?" aliuliza.

Zamani Tiara angemwonyesha kila kitu: kitanda, pa kuficha madaftari, jirani anayekoroma. Sasa alimtazama kwa muda, kama anayepima.

"Humuhumu," alisema.

Redio alikuwa na maswali mengine mengi mdomoni. Aliyameza yote, akarudi nje kuchukua kiti.