Mwambie Aje Mwenyewe

Saa mbili na robo asubuhi, Jumanne ya tarehe kumi na nne Machi 2023, kabati la chuma katika ofisi ya kumbukumbu za wafanyakazi lilianza kukwaruzwa kutoka ndani.

Lynnet Akoth, karani wa ofisi hiyo, alidhani ni panya. Alivua kiatu akagonga ubavu wa kabati, na mkwaruzo ukanyamaza. Alipoinama kukivaa, ukaanza tena, taratibu, kama mtu anayetafuta kwa ukucha mahali mfuniko wa kopo unapoanzia. Akafungua droo. Hapakuwa na panya, wala kinyesi cha panya, wala karatasi iliyotafunwa. Mafaili yalikuwa yamesimama kama alivyoyaacha jana jioni, isipokuwa moja lililochomoza juu ya mengine kwa upana wa kidole. Lilikuwa faili la Elkanah Ouko.

Elkanah alikuwa amezikwa kwao Kosele siku ya Jumamosi.

Kiwanda kilikuwa Nyatike, upande wa Migori. Mawe ya dhahabu yalisagwa yakawa unga, unga ukachanganywa na zebaki ili inase dhahabu, kisha donge likachomwa mpaka zebaki ikapaa na moshi. Elkanah ndiye aliyechoma. Kila mwaka daktari wa kukodiwa kutoka Kisumu alikuja kuwapima wafanyakazi. Alichukua damu na mkojo, akawakata nywele kidogo kisogoni, akawapunguza kucha. Sehemu ilikwenda maabara. Sehemu ilibaki katika bahasha iliyobanwa kwenye faili la kila mtu, endapo kipimo kingehitaji kurudiwa. Majibu yakija yaliingia kabatini, na hakuna mfanyakazi aliyewahi kuyaona.

Si kwamba hawakuuliza. Elkanah alikuwa akija kila mwisho wa mwezi na kuegemea dirisha dogo la kuhudumia watu, mikono imefichwa kwapani ili isionekane inavyotetemeka.

"Madam, majibu yangu yamekomaa ama bado?"

"Bado mabichi, Ouko."

"Basi usiyapike bila mimi."

Walicheka wote wawili. Lynnet alijua yalikuwa yamekomaa kitambo. Alikuwa amehudhuria semina ya afya kazini na kuambiwa wazi kwamba mfanyakazi ana haki ya kuona vipimo vyake, na akifa, jamaa zake wanaweza kuviomba. Lakini alijua pia maneno ya Bogonko, meneja wa wafanyakazi, aliyemwambia siku alipomkabidhi ufunguo: "Hili kabati likifunguka ovyo, wewe utarudi Rangwe ukauze nyanya na mama yako."

Jumatatu, siku moja kabla ya kabati kukwaruzwa, Filister, mjane wa Elkanah, alikuja na mtoto mgongoni. Lynnet alimkaribisha ndani. Filister akakataa. Alikuwa ndani ya matanga, na kwa desturi ya kwao mjane haingii nyumba ya mtu mwingine kabla ya kutolewa matangani. Hata kusafiri alikuwa amesafiri kwa lazima. Akasimama nje, dirishani.

"Dada, ni huyu Cate," alisema. Akamgeuza mtoto. Vikono vyake vilikuwa vikitetemeka hata akiwa amelala. "Nilikuwa nafua ovaroli za babake kwa beseni hilo hilo namuogeshea. Daktari wa Migori anasema hawezi kumuanzishia dawa kwa kubahatisha. Anataka aone baba alikuwa amebeba sumu gani, na kiasi gani."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Lynnet. Kabla hajasema neno, Bogonko alitokea nyuma yake na kikombe cha chai.

"Faili ni la nani?"

"La Elkanah, bosi."

"Na huyu ni Elkanah?" Akainama, akamtazama mjane kupitia dirisha. "Mama, kumbukumbu za afya ni siri ya mwenyewe. Mwambie aje mwenyewe, aweke sahihi, tutampatia."

Werema, bawabu, aliyekuwa karibu na lango, alitema mate chini akayafukia kwa buti. Filister hakulia. Alimtazama Bogonko mpaka Bogonko akajifanya anapuliza chai.

"Umesema," Filister akamwambia. Kisha akageuza uso kuelekea upande wa Kosele, akapaza sauti kidogo kumwita baba wa mtoto kama mtu aliye nyuma ya nyumba. "Wuon Cate, umesikia. Unaitwa."

Akaondoka.

Ndiyo maana Jumanne, Lynnet alipoona faili lile limechomoza, alilisukuma chini kwa rula badala ya mkono.

Siku iliyofuata mkwaruzo uliendelea. Ulianza ofisi ilipofunguliwa na haukukoma watu walipoingia. Fundi wa umeme alisema ni chuma kinachopanuka kwa joto. Wenzake walisema ni kweli, wakatoka mbio mbio. Werema alikuja dirishani, kofia mkononi.

"Madam, yule jamaa umempitishia wapi? Nimemuona akiingia na helmeti, nikamsalimia, hakuitika. Nimengoja atoke, hatoki."

"Jamaa gani?"

Werema akavaa kofia yake. "Basi wacha," alisema.

Saa sita mchana mashine za kusagia zilizimwa kwa ajili ya chakula, na katika ule ukimya unaouma masikio baada ya kelele ya asubuhi nzima, Lynnet, aliyekuwa ameinamia dawati kwa sababu hakutaka kutazama kabati, alisikia kwanza harufu ya jasho lililokaukia kwenye ovaroli, kisha harufu ya mchanga wa kaburi ulionyeshewa na mvua, kisha kivuli kikaziba dirisha, naye bila kuinua kichwa akaona mkono umewekwa juu ya ubao wa dirisha, mkono wenye udongo mwekundu kwenye mikunjo ya vidole, kucha zake zimekatwa mpaka nyama kama vile daktari alivyozikata, na mkono huo ulikuwa ukitetemeka hata ubao ukatetemeka nao, na dawati, na meno yake mwenyewe kinywani, mpaka sauti ikasema bila mzaha wowote wa zamani:

"Madam, majibu."

Alipopata nguvu ya kuinua macho, dirishani palikuwa na jua tu. Ubao ulikuwa na udongo.

Werema ndiye aliyekwenda kumwita Dahir, mwenye duka la vipuri mkabala na lango, ambaye watu wa dini yake na wa dini nyingine humwendea awasomee wakisumbuliwa na majini. Dahir alikuja na maji kwenye chupa. Bogonko alimkuta kazini.

"Sheikh, ukimaliza hapo unisomee na jenereta. Nayo ina pepo."

"Jenereta yako ina oili chafu," Dahir alisema, akaendelea kusoma.

Alisoma kwa sauti ya chini, kiganja kikiwa karibu na kabati bila kuligusa. Mkwaruzo ulipungua, ukakoma. Bogonko akacheka, akaenda zake. Dahir akamaliza dua. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake.

"Ametoka?" Lynnet alinong'ona.

"Dada, jini ukimsomea atakimbia, atatukana, ama atalia. Mimi nimemaliza dua, na ndani ya hilo kabati kuna mtu ameitikia amina."

"Mungu wangu."

"Mna nini humo?"

Lynnet akamweleza: karatasi za vipimo, na bahasha za nywele na kucha. Aliposema hivyo alisikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa amekwenda mazishini. Alikuwa ameona jeneza likiteremshwa, ameimba na wengine, akijua au asijue kwamba mtu anayezikwa hakuwa kamili, kwamba mwili wake mwingine ulikuwa umefungiwa Nyatike na ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wake.

"Huyu mmemgawa," Dahir alisema, "halafu mmemwita. Mimi sina la kumfanya. Mpeni kitu amefuata." Hakutaka kulipwa. Alimwachia chupa ya maji mlangoni na kuvuka barabara.

Alhamisi Bogonko aliamua kulimaliza jambo hilo mwenyewe. Hakusema ameogopa. Alisema mafaili ya zamani yanajaza ofisi na kuleta panya, na ya sasa yatapangwa upya, kwa hiyo yote yachomwe kwenye tanuri la dhahabu kabla ya jioni.

"Yote, bosi? Hata ya walio hai?"

"Panya anajua nani yuko hai?"

Vijana wa tanuri wakaja na toroli. Lynnet aliwapa mafaili kwa mikupuo. Alipofika kwenye la Elkanah, Bogonko alikuwa mlangoni, mgongo umegeuzwa, anaongea na simu. Lynnet aliinua sweta, akaliingiza faili tumboni, ndani ya mkanda wa sketi. Lilikuwa na joto kama kitu kilichotolewa kitandani.

"Zimekwisha?" Bogonko aliuliza alipogeuka.

"Zimekwisha."

"Mbona umeshika tumbo?"

"Ni mambo ya wanawake, bosi."

Bogonko akatazama pembeni. Pale langoni Werema, ambaye kazi yake ilikuwa kupekua kila anayetoka ili dhahabu isiibwe, alimpapasa mabega, akashuka mpaka kiunoni, akagusa pembe ya faili. Mkono wake ukatulia hapo.

"Nenda salama, madam," alisema. "Msalimie."

Akiwa barabarani Lynnet aligeuka mara moja. Tanuri lilikuwa limewashwa. Harufu ya nywele zinazoungua ilimfikia hapo alipo, na moshi wenyewe, ambao kwa upepo uliokuwa ukivuma kutoka ziwani ulipaswa kwenda upande wa milima, ulikuwa umejikunja chini, ukavuka uwanja ukipita katikati ya wale vijana bila kuwagusa, ukamzunguka Bogonko aliyekuwa amesimama mbali na mikono kiunoni, ukamwingia puani na mdomoni kila alipofungua mdomo kukohoa, na alipokimbilia ofisini ukaingia naye kabla mlango haujajifunga.

Ijumaa asubuhi Lynnet alikuwa Kosele. Hakukaribishwa chai wala hakuitaka. Filister alisoma karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, ingawa tarakimu nyingi hazikumwambia kitu, kisha akabandua bahasha. Alikwenda nayo kaburini peke yake. Alichimba kwa jembe dogo upande wa kichwa, akaiweka, akafukia, akashindilia kwa viganja.

"Umefika," alisema. "Sasa kaa na watu wako."

Mchana daktari wa Migori alisoma majibu, akanung'unika kitu kwa Kiingereza, akamlaza Cate wodini. Dawa ilianza jioni hiyo. Lynnet alibaki na Filister mpaka mtoto alipolala.

Huko Nyatike siku hiyo hiyo, Bogonko aliendesha mkutano wa idara akikohoa. Waliokuwepo walisema alitia vidole mdomoni, akavuta unywele mmoja mrefu, akautazama, akaufuta kwenye suruali. Baada ya dakika chache akavuta mwingine, mfupi, wenye mvi. Bogonko alikuwa na upara. Mtu mmoja alimwomba aende hospitali.

"Ni vumbi," alisema.

Jumamosi hakuonekana kwake. Mkewe alipiga simu kiwandani kuuliza. Werema alizunguka na rungu, akaona gari lake limeegeshwa pale pale. Ofisi ya kumbukumbu ilikuwa imefungwa. Ufunguo wa mlango ulikuwa umening'inia kwenye ubao wa bawabu, mahali pake. Alipofungua, alimkuta Bogonko ameketi kwenye kiti cha wageni mbele ya kabati tupu, mdomo wazi, macho wazi. Kucha zake zilikuwa zimekatwa mpaka nyama. Polisi walifika kabla ya adhuhuri na kuuchukua mwili.

Jumatano tarehe ishirini na mbili Machi, daktari wa serikali alikamilisha ripoti. Aliandika kwamba marehemu alikosa hewa baada ya koo kuzibwa na nywele, kwamba nywele hizo ni za watu wengi, wanaume kwa wanawake, na kwamba mapafu yake yalikuwa na zebaki nyingi kuliko mwili wowote aliowahi kuupasua. Kwenye sehemu ya chanzo aliandika: hakijulikani.

Ijumaa, mjane wa Bogonko alikwenda kuomba nakala ya ripoti hiyo. Akapewa.