Vichupa Arobaini vya Daktari

Sindano aliusukuma mlango wa chumba namba 214 kwa teke moja, bastola ya Glock mkononi.

"Mikono juu! Wewe mwenye suti, usijikune."

Walikuwa wawili. Mfanya magendo, kitambi mbele, na mnunuzi wake kutoka nje, Rolex mkononi na majivuno usoni. Mezani palikuwa na sanduku la barafu lililoandikwa KABLA.

Moja tu.

Asubuhi ile maabara ilikuwa imeibiwa mawili. Wanawake arobaini waliokoma hedhi walikuwa wametoa sampuli za ukeni, kabla na baada ya kutumia krimu ya estrojeni. Daktari wa maabara hiyo alikusudia kutengeneza dawa kutokana na bakteria wazuri wa sanduku la pili. Barafu ikiyeyuka, miaka miwili ya kazi ingeenda na maji. Mmoja wa wanawake hao alikuwa dada yake Sindano, aliyekuwa amechoka kuugua maambukizi ya ukeni kila mwezi.

"La BAADA liko wapi?"

"Lile lenye mambo ya dawa?" Mfanya magendo alibetua midomo. "Mheshimiwa anataka bakteria asilia. Wasiochezewa."

Mheshimiwa akatikisa kichwa kukubali, kwa busara zake zote.

Sindano alikuwa amepambana na magaidi. Wajinga walimchosha zaidi.

"Mabwege nyie! Estrojeni ndiyo inayofanya kuta za uke ziweke akiba ya sukari. Bakteria wazuri wanakula humo, wanatoa asidi, vijidudu vibaya vinakosa pa kukaa. Hedhi ikikoma, homoni inashuka, akiba inaisha, na wao wanapungua. Hapo umeuziwa kambi isiyo na askari."

Mnunuzi alimgeukia mwenzake. "Si ulisema wewe ni mtaalamu?"

"Mke wangu hajawahi kunieleza haya."

"Umewahi kumuuliza?" Sindano aliuliza.

Aliwafunga pingu pamoja kwenye mguu wa kitanda. "Sanduku!"

"Bafuni," mfanya magendo alinong'ona.

Lilikuwa ndani ya beseni la kuogea, limejaa bia. Mfanya magendo yule mlevi alikuwa ameagiza barafu mpya hotelini kila saa, ili kinywaji chake kisipate moto. Sindano alitoa chupa moja moja, akafika chini. Akahesabu vichupa. Akatazama kipimajoto na kushusha pumzi.

Akabonyeza kifaa cha sikioni. "Daktari, vyote arobaini. Nyuzi nne."

Upande wa pili Daktari alikuwa akilia. "Nani kavitunza?"

"Hakuna wa kumshukuru. Tuma askari, chumba 214."

Askari walipoingia, alibeba masanduku yote mawili na kutoka bila kugeuka. Kwenye lifti akampigia dada yake.

"Dada, bakteria wako wamepatikana. Wazima."

"Alhamdulillahi! Walikuwa wapi?"

"Chini ya bia za mwanamume mmoja."

Dada yake aliguna.

"Hata mimi nilikaa huko miaka kumi na saba," alisema, "mpaka nilipodai talaka."