ALINIKABA KOO KWA SABABU BINTI YAKE HAONI NYEKUNDU

Mkono wa Mwaura ulikuwa kooni mwangu, na chapati ilikuwa bado mdomoni.

Sikiza nikuambie. Ukikabwa na chapati kavu mdomoni hufi kishujaa. Unakufa kama kuku aliyemeza kitufe.

"Sema ukweli!"

"Mmmh..."

"Tony, sema! Yule mtoto ni wako?!"

Mtoto?? Mtoto gani jamani! Mimi hata paka sina!

Athumani, mtu wetu wa Tanga anayelala kitanda cha dirishani, akamkumbatia Mwaura kiunoni akawa anamvuta nyuma. Herbert wa Kampala alibaki amesimama na sufuria ya maharagwe, anasema tu "banange, banange," utafikiri maharagwe ndiyo yanayokabwa.

"Mwachie kaka! Utaua mtu siku ya Ijumaa!" Athumani alipiga kelele.

Mwaura akaniachia.

Halafu akafanya kitu kilichonitisha kuliko ule mkono. Akakaa chini sakafuni, akaanza kulia.

Wacha niwapange vizuri, maana mkisoma haraka mtanihukumu kama walivyonihukumu wengine.

Mwaka ni 2017, tuko Najma, Doha. Chumba kimoja, wanaume wanne, feni moja yenye hasira. Mwaura alikuwa dereva wa familia moja ya Kiarabu. Mimi nilikuwa mlinzi wa geti kwenye jengo moja kule The Pearl. Wote wawili kwetu ni Nakuru. Amenizidi miaka kumi, na nilipotua Doha 2010 ndiye aliyenipokea, akanilisha, akanionyesha basi za kupanda. Kaka kabisa.

Sasa mimi nina shida moja ambayo kila mtu anaijua. Macho yangu hayatenganishi nyekundu na kijani. Zote kwangu ni kahawia-kahawia hivi. Nilikuja Doha niwe dereva, nikaanguka kipimo cha macho, ndiyo nikaishia getini. Na hata getini niliendelea kuchekesha watu. Natangaza kwenye redio, "Gari la kahawia linaingia!" Linaingia jekundu kama kidonda.

Wenzangu wakanibatiza jina: Kahawia. Nikalikubali. Ukikataa jina la utani ndiyo linakaa zaidi.

Mke wa Mwaura, Carolyne, alikuwa nyumbani Nakuru na binti yao wa miaka mitano, Wairimu. Mwalimu wake alikuwa ameona mtoto anapaka majani rangi ya udongo, nyanya pia rangi ya udongo. Akashauri apelekwe kwa daktari wa macho.

Ijumaa hiyo Carolyne akapiga Imo. Simu iko kwenye spika, sisi wote tunasikia tukingoja maharagwe.

"Baba Wairimu, daktari amesema mtoto haoni nyekundu na kijani."

"Ati haoni?"

"Anaona, lakini hazitofautishi. Amesema kwa mtoto msichana, ni lazima baba yake pia awe hivyo."

Mwaura akakata simu.

Akageuza shingo polepole... akaniangalia mimi.

Mimi, Kahawia, na chapati yangu.

Na kuna kitu sijawaambia. Desemba 2011 Mwaura alikuwa likizo nyumbani. Yeye kurudi tu, Januari nikaenda mimi, na nikambebea mzigo wa mkewe: blanketi na begi la nguo. Nikafika kwake, nikapikiwa kuku, nikala nikashiba nikaaga. Septemba, Wairimu akazaliwa.

Hesabu umeiona? Hata mimi niliiona. Ningekuwa Mwaura, ningenikaba pia!

"Bro, wallahi sijamgusa mkeo," nikasema nikikohoa makombo.

"Wewe ni Mkristo, wallahi unatoa wapi?"

"Basi kwa jina la Yesu!"

"Mimi naendesha gari miaka kumi hapa. Macho yangu yalipimwa, yakapita. Chumba hiki asiyeona rangi ni nani?"

Wote wakageuka kunitazama.

"Tupimwe DNA!" nikasema. "Mimi, wewe, mtoto!"

"Nikupime nini tena, Tony? Macho yako si yameshapima?"

Jamani... hapo ndipo nilipojua kuna kosa mtu anaweza kushtakiwa nalo na shahidi akawa uso wake mwenyewe. Nikifungua macho najishtaki. Nikiyafumba naonekana nina aibu.

Mwaura hakungoja hata maharagwe yaive. Akarekodi sauti, akaituma kwenye grupu la familia yao. Grupu lenye shangazi, binamu, mpaka mzee wa kanisa!

"Carolyne, umempa mtoto wa mwanamume mwingine jina la mama yangu! Toka nyumbani kwangu!"

Kama wewe si wa kwetu, elewa hapo. Binti wa kwanza huitwa jina la mama mzazi wa baba. Mama yake Mwaura alikuwa Wairimu. Kwa hiyo kwake haikuwa tu kwamba ameibiwa mke. Aliona hata marehemu mama yake ameibiwa.

Kisha akamfungia Carolyne kila mahali. Imo, WhatsApp, simu ya kawaida. Pwaa.

Kesho yake ndugu zake wakaenda wakatoa vitanda nje. Carolyne akaondoka na mtoto kwenda kwa wazazi wake, Molo.

Na mimi? Mama yangu mzazi akanipigia.

"Tony, ulifanya nini kwa watu?"

"Mama, sijafanya kitu!"

"Nilikuzaa nakujua unapenda mzaha. Huu ni mzaha gani?"

Akakata. Mama yangu! Unamkaba nani shingo ukiwa umbali wa ndege mbili?

Chumbani nikawa mzuka. Mwaura analala kitanda cha juu, mimi cha chini. Akigeuka, chuma kinalia, nami nahesabu dhambi ambayo sikuitenda. Herbert aliendelea kunipakulia chakula lakini haniangalii. Athumani alinisalimia tu, kwa adabu ile ya Kitanga ambayo inauma kuliko tusi.

"Hujambo, ndugu."

Ndugu! Jana nilikuwa "we mwehu."

Ukiwa nyumbani unaweza kupanda gari ukaenda, ukamshika mtu mkono, ukaongea mbele ya wazee. Huku pasipoti iko kwa kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, likizo ni mwaka ujao, na hata kutoka nchini unahitaji kibali. Unabaki na kidole na skrini. Na ukishafungiwa, hata kidole hakina kazi.

Nikamtafuta Faridah. Faridah ni mtu wa Mombasa, nesi kwenye kliniki moja hapo Doha, na nilikuwa namtongoza tangu enzi, akinijibu "tutaona." Tukakutana kwenye kibanda cha chai ya karak. Nikamwaga yote.

"Daktari amedanganya, sivyo?" nikauliza.

"Hajadanganya."

"Faridah!"

"Sasa nikudanganye nini? Sikiza. Msichana anapewa kromosomu X mbili, moja kwa mama, moja kwa baba. Jeni ya kuona hizo rangi inakaa hapo kwenye X. Ili msichana asione, lazima zote mbili ziwe na hitilafu. Na baba ana X moja tu. Kama aliyotoa ni mbovu, basi na yeye mwenyewe haoni."

"Kwa hiyo nimekwisha."

"Carolyne naye amebeba X moja mbovu, ila anaona vizuri kwa sababu X yake ya pili ni nzima."

"Carolyne hanisaidii kitu! Mimi nimekwisha!"

"Kama hukumgusa, hujaisha. Ina maana Mwaura haoni rangi."

Nikacheka, cheko la mtu aliyekata tamaa. "Mwaura dereva, dada. Alipita kipimo cha macho."

"Na wewe ulifeli vipi?"

"Yule jamaa wa duka la miwani alianza kitabu kutoka nyuma. Mimi nilikuwa nimekariri kutoka mbele."

Faridah akaweka kikombe chini.

"Ulikuwa umekariri?"

"Si kila mtu hukariri? Vile vidoti vyenye namba ndani. Nikapewa namba kwa mpangilio, nikaimba wiki nzima. Kumi na mbili, nane, sita... kama wimbo. Bila hivyo wengi wanaogopa."

"Nani alikufundisha huo wimbo?"

Nikasimama na kikombe mkononi.



Mwaura. MWAURA ndiye aliyenifundisha!

Naye alifundishwa na waliomtangulia. Aliingia pale akiimba, hakuangalia vidoti hata kimoja. Taa za barabarani anajua ya juu ni kusimama, ya chini ni kwenda. Kazini anavaa shati jeupe na suruali nyeusi. Na chumbani? Tulipobishana kuhusu pazia, Athumani na Herbert wakasema kijani, ni nani alikuwa upande wangu akisema kahawia? Sisi wote tulidhani ananitetea kwa sababu ni mtu wa kwetu!

Ndiyo maana hakuna aliyegundua. Mtu pekee aliyekuwa anakubaliana naye rangi zote ni mimi kipofu mwenzake!

Sikurudi chumbani, niliruka. Lakini Mwaura hakutaka hata kusikia sauti yangu. Ikabidi Athumani anisaidie. Akatafuta picha ya vile vidoti kwenye simu yake, akamsogelea Mwaura wakati wa kula.

"Kaka, hebu nisomee hapa ni namba gani."

Mwaura hata hakuangalia vizuri. "Kumi na mbili."

"Hakuna kumi na mbili hapa. Soma."

"Nane basi."

"Usiimbe, kaka. Angalia."

Mwaura akachukua simu. Akaisogeza karibu. Akaiweka mbali. Akaigeuza.

"Hakuna namba hapa. Ni vidoti tu."

Herbert akachungulia. "Ssebo, ipo! Kubwa kama kichwa chako!"

"Nipe na mimi," nikasema. Nikaangalia. Vidoti. Vidoti vitupu kama wali uliomwagika.

"Mimi pia sioni kitu, bro."

Mwaura akaniangalia. Sijui niwaelezeje ule uso. Ulikuwa uso wa mtu aliyebomoa nyumba, halafu akagundua aliyekuwa ndani ni yeye.

"Tony..."

"Usiseme. Wewe mpigie mkeo."

Akamfungulia. Carolyne akapokea, na bado ilikuwa spika, maana Mwaura hata hakukumbuka kuizima.

"Carolyne... mimi sioni rangi. Mimi ndiye."



"Najua," Carolyne akasema.

"Unajua?"

"Tangu mwaka tuliooana. Ulitumwa nyanya shambani, ukaleta ndoo nzima ya mbichi. Nilicheka nikasahau. Daktari aliponiuliza nikakumbuka, nikamwambia ndiyo, baba yake yuko hivyo. Nilikupigia siku ile nikuambie uangaliwe macho, kwa sababu unabeba watoto wa watu kwenye gari."

Mwaura akashika ukuta.

"Simu ilipokatika nilidhani ni mtandao wa huko kwenu. Nikapiga tena. Nikapiga tena, Baba Wairimu. Nikaendelea kupiga mpaka shangazi yako akanitumia ile sauti."

"Nisamehe. Rudi nyumbani, nitawaambia ndugu zangu leo hii..."

"Nyumbani gani? Pale walipotoa kitanda mtoto akiangalia?"

"Carolyne..."

"Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza kama baba amekasirika kwa sababu alipaka nyanya vibaya."

Hapo hata Herbert akaenda kusimama koridoni.

"Ulinitukana mbele ya watu wote," Carolyne akasema. "Anza na hao." Akakata. Safari hii haikuwa mtandao.

Mwaura akarekodi sauti nyingine, akaituma kwenye grupu lile lile, na kwa Carolyne peke yake. Akasema macho ni yake. Nilikuwa nimemweleza maneno ya Faridah, naye akasema X yake aliipata kwa mama yake, Wairimu mkubwa, akampa Wairimu mdogo, kwa hiyo mtoto hakubeba jina la bibi yake tu, alibeba na macho ya upande wake. Alisema vizuri. Mpaka mimi niliyekabwa nilimsamehe papo hapo.

Shangazi wakatuma emoji za maombi. Mama yangu akanipigia akajifanya anauliza hali ya hewa.

Mwaura akaomba ruhusa ya kusafiri. Kafili akasema mwaka ujao. Akaomba tena. Mwaka ujao.

Kwa hiyo tukakaa kitanda changu cha chini, tunaangalia simu. Ile sauti aliyomtumia Carolyne kwenye WhatsApp ilikuwa na alama ya maikrofoni ya kijivu, maana yake hajaisikiliza. Siku zikapita. 

Jioni moja ile maikrofoni ikageuka rangi.

Bluu.

Bluu tunaiona vizuri sana, mimi na yeye. Hatuhitaji mtu wa kutusomea. Carolyne ameisikiliza.

Hajajibu mpaka leo ninapoandika.

Msomaji wangu, wewe unayempima mtoto masikio, pua na weusi, ukitafuta mwizi: kabla hujataja jina la mtu, jipime wewe kwanza. Kuna vitu umewapa watoto wako ambavyo wewe mwenyewe hujawahi kujua unavyo.

Na mtu akikupigia simu, mwache amalize.