Mwizi Aliyefagia Jukwaa

Taa nane za jukwaani zilitoweka Alhamisi alasiri, mvua ya mawe ikipiga mabati ya ukumbi kwa kelele ambayo ingefunika hata ng'ombe akiburutwa. Mwizi alizima umeme kwanza. Akapanda ngazi, akazifungua taa moja baada ya nyingine kutoka kwenye boriti, akairudisha ngazi mahali pake. Kisha, kabla ya kwenda zake, akafagia.

Hilo la kufagia ndilo lililomkera Inspekta Eddah Bogonko wa upelelezi, Litein. Katika miaka kumi na tisa ya kazi, wezi walikuwa wamemwachia matope, damu, na mara moja meno ya bandia. Usafi hakuwahi kuachiwa.

"Afande, labda ni mwanamke," alisema msaidizi wake, Koplo Osoro.

"Kwani kwako nani hufagia?"

Osoro akarudi kupiga picha eneo la tukio.

Ukumbi ulikuwa wa wafanyakazi wa shamba la chai, na aliyepiga ripoti Ijumaa hiyo asubuhi ni Mwalimu Nyanchoka, mwongozaji wa kundi la maigizo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewafundisha wachuma chai na madereva wa trekta kusimama mbele za watu bila kutetemeka. Sasa kulikuwa na meneja mpya, na meneja huyo alikuwa ametoa sharti moja: Jumamosi saa nane awaone wakiigiza, la sivyo ukumbi ugeuzwe stoo ya mbolea. Madirisha ya ukumbi yalikuwa madogo mno. Bila taa, watazamaji wangesikia mchezo kama redio.

"Wakishaingiza mbolea hapa haitoki," alisema Nyanchoka. "Ile waliweka nasari ya watoto mpaka leo iko."

Inspekta alitafuta pa kukaa, akaketi juu ya jeneza lililokuwa karibu. Lilikuwa jeneza la mchezo, la mbao hafifu zilizopakwa rangi nyeusi. Waigizaji waliokuwa wamekusanyika waliguna. Wao hawakuwa wakiligusa mpaka zamu yao ya kulibeba ifike. Jeneza ni jeneza, walisema, hata likiwa tupu.

"Una adui, Mwalimu?"

Mwaka jana, alieleza Nyanchoka, pazia liliporomoka katikati ya onyesho na kumfunika mgeni wa heshima aliyekuwa akitoa zawadi. Mwenye kamba alikuwa kijana wa watu, Phelix Oyaro. Fundi wa jukwaa, Mzee Jackton Opondo, alisema mbele ya wote kwamba Phelix alifunga fundo vibaya, na Phelix akafukuzwa. Siku hizi alikuwa akichomelea vyuma kule Ndanai.

Osoro alipiga simu. Alhamisi alasiri yote Phelix alikuwa akichomelea geti la kanisa, na mchungaji mwenyewe amesimama kando yake akilalamika kuhusu rangi. Shahidi bora kuliko huyo hapatikani.

Alama za vidole hazikusaidia kitu, maana ngazi ilikuwa na za kundi zima. Lakini Inspekta aliona jambo jingine lililomkera kuliko ufagio. Mwizi alikuwa ameacha nyaya za taa. Kila waya ulikuwa umekunjwa duara safi na kufungwa kwa kitambaa, na zote zimepangwa sakafuni kuanzia mrefu hadi mfupi.

"Nani hukunja hivi?"

"Sisi wote," alisema Nyanchoka. "Mzee Jackton alitufundisha. Duara moja juu, moja chini. Ukizungusha kwa kiwiko, waya inajisokota, halafu inakatikia ndani. Akikupata ukifanya hivyo, unafagia ukumbi wiki mzima."

Mshukiwa wa pili alikuwa Ogeto, mfanyabiashara wa Litein anayekodisha vyombo vya muziki harusini. Pikapu yake ilionekana kando ya ukumbi wakati wa mvua. Aliletwa akiwa na soda mkononi.

"Alhamisi ulifuata nini hapa?"

"Mawe, madam. Yalitaka kuvunja kioo ya gari. Nikaegesha chini ya paa."

"Na taa?"

"Mimi ni mtu wa spika. Taa nitapeleka wapi?"

"Uliona nani?"

"Kwa hiyo mvua? Hata gari yangu sikuwa naiona."

Inspekta aliwaza kidogo, kisha akawapanga wote foleni. Akachukua waya mmoja wa mita kumi, akaukunjua, akamwambia kila mtu aukunje kwa zamu. Walicheka, wakidhani ni mchezo. Ogeto aliuzungusha kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo, akafutwa kwenye orodha papo hapo. Dorine, mchuma chai aliyeigiza mjane, aliukunja vizuri hata ukatamani kuuvaa shingoni. Wengine nao walijitahidi.

Ikafika zamu ya Mzee Jackton.

Aliushika waya, akauzungusha kwenye kiwiko harakaharaka, akaupiga fundo katikati na kuutupa chini.

Kicheko kikakatika. Dorine alimtazama kama mtu aliyemwona mchungaji wake akisahau Baba Yetu. Inspekta hakuwa akiutazama waya hata kidogo. Alikuwa akizitazama nyuso.

Aliwaomba wengine watoke, akabaki na Jackton, Nyanchoka na Osoro.

"Mzee, umekunja namna gani?"

"Mikono imezeeka, madam."

"Imezeeka tangu jana?"

Jackton akatupia boriti jicho. Inspekta alichukua ngazi, akaiegemeza kwenye boriti iliyokuwa imebeba taa, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza. Akapanda cha pili.

"Usipande," alisema mzee kwa sauti ya chini. "Hiyo mti haitakubeba."

Inspekta akashuka. Osoro aliihamishia ngazi ukutani, akapanda na kumulika boriti kwa tochi. Upande wa juu, ambao mtu wa chini hawezi kuuona, kulikuwa na ufa. Mwisho wa ufa ulikuwa umewekwa alama kwa penseli ya seremala, mara tatu: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kila siku ufa ulikuwa umeongezeka kama shubiri moja.

Walifunga kamba kwenye boriti, wakasimama mbali, Osoro na madereva wawili wa trekta wakavuta kwa uzito wa taa nane au pungufu. Mti ulilia, ukakatika, ukashukia kiti ambacho mjane hukalia onyesho la tatu kwa dakika ishirini. Kiti kikawa kuni. Dorine, aliyekuwa akichungulia mlangoni, aliketi chini palepale alipokuwa.

"Taa ziko wapi, mzee?"

"Umezikalia asubuhi yote, madam."

Osoro alifungua jeneza. Zilikuwemo nane, zimefungwa kwa magunia, kila moja na mnyororo wake wa usalama. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Inspekta, pamoja na cheo chake, naye akacheka.

Jackton alieleza yote bila kusukumwa. Boriti aliichonga mwenyewe mwaka jana kwa mkaratusi uliokuwa na wiki tatu tu tangu ukatwe, akamwambia Nyanchoka kwamba ulikaa mwaka mzima ukikauka. Wiki hii taa zilipopandishwa, mti uliowekwa mbichi ukaanza kulipiza. Alitumaini kwamba taa zikipotea, kundi litaigiza nje uwanjani na hakuna atakayeumia. Kufagia kulikuwa mazoea tu; hajawahi kuliacha jukwaa chafu.

"Si ungesema tu kuna ufa?" aliuliza Nyanchoka.

"Aibu, Mwalimu."

Jibu hilo lilimtosha Osoro. Inspekta hakutosheka. Aibu ya boriti moja haimfanyi mzee wa watu awe mwizi.

"Ulichonga nini kingine na huo mti?"

Mzee alitazama jukwaa lake. "Kigingi," alisema hatimaye. "Cha kamba ya pazia."

Nyanchoka alielewa kabla ya polisi. Alimtazama Jackton kwa hasira ambayo mzee hakuwahi kuiona kwake, kisha akaingia nyuma ya jukwaa, akampigia Phelix simu kuomba mabomba ya chuma. Hakumwambia zaidi.

Taa hazikuwa zimetoka ukumbini, kwa hiyo Inspekta aliandika kwamba zimepatikana na mlalamishi hana shauri. Lakini alimpa Jackton sharti lake. Kesho, kabla ya mchezo, aseme mbele ya wote.

"Meneja atakuwepo," alisema Jackton. "Akisikia, atafunga ukumbi."

"Huenda," alisema Nyanchoka. "Utasema hivyohivyo."

Phelix alifika Jumamosi asubuhi na mabomba, akachomelea nguzo mbili, taa nne huku na nne kule. Saa nane kasoro dakika tano ukumbi ulikuwa umejaa, meneja mstari wa mbele, amekunja mikono. Mzee Jackton alitoka mbele ya pazia, kofia mkononi.

Alisema boriti ilikuwa mbichi na alidanganya. Alisema taa alizificha yeye. Kisha akageukia pembeni, Phelix aliposimama ameshika kamba.

"Mwaka jana fundo yako ilikuwa sawa. Kigingi yangu ndiyo ilivunjika. Niliokota vipande mtu asione, nikasema ni wewe. Boriti ikijulikana ni mbichi, wangeuliza kigingi. Ndiyo maana niliiba."

Nyanchoka alifumba macho, akisubiri.

"Na hizo zilizosimama sasa?" aliuliza meneja.

"Ni chuma, bosi," alijibu Phelix. "Nimechomelea mwenyewe."

"Basi anzeni."

Wakaanza. Kwa mwanga wa pembeni sura ya Dorine ilionekana hata na waliokaa nyuma kabisa, na onyesho la tatu lilipofika, Koplo Osoro aliomba kitambaa. Mwishoni meneja alimwambia Nyanchoka kwamba mbolea itatafutiwa pengine, kisha akamwuliza mchezo unaofuata ni lini. Nyanchoka alicheka kwa furaha, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Watu walipokwisha kutoka, Jackton alikuwa ameketi peke yake kwenye ukingo wa jukwaa. Phelix alikuja akasimama mbele yake.

"Mwaka mzima nimekuwa nikifunga hiyo fundo kwa mguu ya kitanda," alisema. "Kila jioni. Nikitafuta nilikosea wapi."

Mzee Jackton alifunika uso kwa kofia, akalia. Phelix aliketi kando yake na kumngoja.