Nani Analisha Leta Hapa Murara?

"Katika avenue hii yote, mutu anayelisha Leta ni mumoja tu," Célestin alisema. "Na mutu huyo ni huyu munayemuona."

Leta ni serikali, na Murara ni mutaa wetu. Alisema hivyo Jumamosi asubuhi, wakati wa salongo. Salongo ni kazi ya pamoja: kila nyumba inatoa mutu, mutu anatoka na jembe ao fagio, njia inasafishwa. Célestin alitoka na fagio. Lakini ni fagio lililomushikilia yeye. Aliliegemea, kifua mbele, kama shefu anayengoja kupigwa picha.

Alikuwa dereva wa kamio, lori la muzigo, kwenye depo moja ya simenti. Alipeleka simenti mpaka Lac Vert, na kila shimo la barabara ile alilijua kama ndugu yake. Kazi yake ilikuwa nzuri, na hakuna jirani aliyepata nafasi ya kuisahau.

Asubuhi ile, redio ilikuwa imemupasha moto. Wanasiasa wawili walibishana. Wa kwanza alisema: katika inchi hii watu wachache wanalipa kodi ya mushahara, wengine wanakula tu. Wa pili alisema: hata masikini analipa, ila hamumuoni. Célestin alimusikiliza wa kwanza mpaka mwisho. Wa pili alipoanza kusema, Célestin akaenda kunawa uso.

Shida ya avenue ilikuwa maji. Kando ya njia kulikuwa na mufereji, ule tunaoita kanivo. Chini ya barabara kubwa, kanivo ilikuwa imezibwa na mawe meusi ya volkano na takataka, pahali jembe la salongo halifiki. Kila mvua kubwa iliponyesha, maji yalirudi nyuma na kuingia kwa mama Kuluthumu. Huyu ni mujane anayeuza samaki wakavu sokoni, na nyumba yake iko chini kuliko zote. Mvua iliyopita, maji yaliingia usiku mpaka kwenye magodoro, na wajukuu wake walilala wamesimama kama migomba.

Shefu wa avenue, muzee Idrissa, aliamua kutuma watu kwa biro ya komini, ndiyo serikali ya sehemu yetu ya muji, waombe kanivo ifunguliwe. Swali lilibaki moja: nani atasema mbele ya bourgmestre, mukubwa wa komini?

"Nitumeni mimi," Célestin alisema. "Nitamuambia: Muheshimiwa, fungua kanivo, mimi nilishalipa. Nyinyi mutamuambia nini? Fungua kanivo, sisi tunauza samaki?"

Mama Kuluthumu alisimamisha jembe lake.

"Baba, maji yanaingia kwangu. Wewe unakaa kule juu. Mvua ikinyesha, unafunika kichwa na kulala. Utamueleza bourgmestre jambo gani? Usingizi wako?"

"Mama, sikukatalii. Lakini Leta inasikia mutu anayeilisha. Tufanye hivi. Wenye kulipa kodi ya mushahara wasimame upande huu, wachague musemaji. Wengine watapiga makofi."

Jambo la kuchekesha ni kwamba watu walianza kukubali. Ruffin, mushonaji wa nguo, alirudi nyuma polepole, kama mutu aliyekutwa kwenye shamba la wengine. Vijana wawili wakamufuata. Muzee Idrissa akajikuna kidevu.

"Labda ni kweli," alisema. "Asiyechangia chungu, atauliza nyama?"

Mama Kuluthumu akatazama chini. Kama Célestin angeenda peke yake, angezungumza habari za Célestin, na mvua ya pili ilikuwa karibu. Mawingu yalikwisha kukaa juu ya volkano.

Hapo Léonie, muke wa Célestin, anayeuza makala, yaani mukaa, sokoni, akatua jiwe alilokuwa amebeba.

"Baba Benny, mimi nisimame upande gani?"

"Wewe ni wangu. Simama nyuma yangu."

"Nyuma yako? Kila asubuhi, kabla sijafungua gunia la makala, mutu wa soko anapita kuomba kodi ya meza. Nalipa hata kama sijauza. Saa ile wewe unakoroma, na hakuna kodi ya kukoroma."

Watu wakacheka. Célestin akatengeneza kola ya shati.

"Hiyo ni kodi ndogo ndogo."

"Ndogo ndogo ndiyo inajaza gunia. Uliza muuza makala."

Muzee Idrissa akaona salongo inageuka kuwa bunge. Akamuita Héritière, aliyekuwa anafagia mbele ya nyumba yake. Héritière ni kontabule. Alisoma chuo, na kazi yake ni kupanga hesabu na kodi za kampuni za watu.

"Binti yangu, tusaidie. Nani analipa kodi hapa, na nani halipi?"

Héritière akakaribia. "Papa Célestin, kwanza wewe. Kodi ya mushahara, mutu hapeleki mwenyewe. Patroni, mwenye kampuni, anaikata kwenye mushahara, kisha yeye ndiye anaipeleka kwa Leta. Mwenye mushahara mudogo anakatwa kidogo, mwenye mukubwa anakatwa zaidi. Lakini patroni lazima awe amekuandikisha. Wewe amekuandikisha?"

"Ananikata kila mwezi."

"Sijauliza kama anakukata. Nimeuliza kama amekuandikisha. Alipokukata, ulimuuliza ni ya nini?"

Célestin hakuwa ameuliza. Siku ya kwanza ya kazi, karani wa depo alimuambia, "Tunakata kidogo, kama kwa kila mutu." Yeye akaitikia kwa kichwa kama mukubwa. Aliona kuuliza ni tabia ya watu wasiozoea mushahara.

"Kuna kitu gani kingine cha kukata?" alisema. "Ni Leta."

Wakati ule Moïse alikuwa anafika na toroli ya mawe. Moïse anakaa mwisho wa avenue, na kule depo yeye ni kapita, musimamizi wa wapakiaji. Alisikia nusu ya maneno, akasimama.

"Munaongelea ile tunakatwa kila mwezi? Ile ni ya mbuzi."

Wenye mafagio wakasogea karibu.

"Mbuzi gani?" Célestin aliuliza, kwa sauti ya mutu anayejua mbuzi gani.

"Mbuzi wa Bonne année. Na mufuko wa muchele. Tunachanga sisi wote, karani anakata, mimi naenda kununua, kila mutu anapata wake. Mwaka wote ulifikiri nini?"

Célestin alikumbuka siku ile ya mwaka mupya. Alipandisha avenue yote na mbuzi mabegani, akisimama kwenye kila mulango. Aliambia watu kwamba patroni wake anamupenda kama mutoto wa kuzaa.

"Kumbe yule hakuwa zawadi," Léonie alisema. "Ulikuwa mushahara wako wenye pembe."

"Analisha kweli," Ruffin alisema kutoka kule nyuma. "Lakini si Leta."

Watu walicheka mpaka muzee Idrissa akaketi juu ya jiwe. Célestin alitafuta pahali pa kuweka uso, akaanza kufagia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alifagia kwa bidii sana.

"Na patroni hajatuandikisha," Moïse aliongeza. "Kule tunahesabiwa kama watu wa siku."

Héritière akainua mukono.

"Musimucheke sana. Hakuiba. Kuandikisha wafanyakazi na kupeleka kodi yao ni kazi ya patroni. Lakini mufanyakazi ana haki ya kuuliza: munanikata nini, inaenda wapi, karatasi yangu iko wapi? Tena ukiandikishwa, unaingia pia kwenye kisanduku cha uzee. Usipoandikishwa, siku mugongo umechoka, kamio inapata dereva mwingine na wewe unabaki na hadithi."

"Na sisi wengine?" mama Kuluthumu aliuliza. "Sisi tusio na mushahara?"

"Mama, unalipa kodi ya meza sokoni?"

"Kila siku."

"Ni kodi. Ruffin, ukinunua unité za simu, ndani ya bei kuna kodi inayoitwa TVA. Unalipa bila kuiona. Na kazi yako ya kushona ina kodi yake ya biashara ndogo. Mutu anaweza kukosa kodi ya mushahara kwa sababu hana mushahara. Hiyo haimaanishi hatoi kitu."

"Kumbe yule wa pili kwenye redio alisema kweli," muzee Idrissa alisema.

"Wa pili alisema nini?" Célestin aliuliza.

"Ulikuwa unanawa uso," Léonie alimujibu.

Héritière akaendelea. "Lakini sikieni neno moja tena. Mutu akilipa, aombe risiti. Bila risiti, pesa inaweza kulala kwenye mufuko wa mutu, na Leta ikasema haikuona kitu. Na tuseme kuna mugonjwa hapa asiyelipa chochote. Njia hii ni yake pia. Kodi ni deni letu kwa inchi. Haikuwekwa ili mumoja aseme na mwingine apige makofi. Mutu anasema kwa sababu ni raia."

Ruffin akarudi mbele. Wale vijana wawili wakarudi naye. Hakuna aliyewaita. Walisimama tu karibu na wengine, mabega juu, na mutu aliyepita njiani angefikiri wamepewa vyeo. Mama Kuluthumu alifunga kitenge chake upya.

"Basi nitasema mimi," alisema. "Nayajua maji yale. Tumekwisha kulala pamoja."

Hakuna aliyekataa. Wakamuongezea Léonie na Héritière.

Jumatatu wakaenda kwa komini, na Célestin akawasindikiza. Mama Kuluthumu hakuomba kama mutu anayeomba chumvi. Alisema: "Sisi ni watu wa Murara. Tunalipa, na tunafanya salongo. Pahali mikono yetu inaishia, tunataka mikono ya komini ianzie pale." Kabla ya mwisho wa wiki, wafanyakazi walikuja na mashine, wakavunja yale mawe, wakafungua kanivo. Avenue yote ilibeba takataka pamoja nao.

Célestin naye, kusema kweli, hakulala. Alikwenda na Moïse mbele ya patroni.

"Tuandikishe," alimuambia.

Patroni alivua miwani. "Munataka kukatwa? Tangu nizaliwe sijaona wafanyakazi wanaoomba kukatwa."

"Tunataka kukatwa sawasawa, na karatasi. Ya mbuzi muendelee nayo, lakini muiite mbuzi."

Patroni alinung'unika siku kadhaa. Kisha akamuita kontabule wake, na huyo akamueleza kwamba kuficha wafanyakazi kunaleta faini. Madereva na wapakiaji wote wakaandikishwa. Mushahara wa Célestin ulipungua kidogo, na kifua chake kiliongezeka sana. Safari hii alikuwa na haki nacho.

Mvua kubwa ikaja. Maji yakapita kwenye kanivo yakiimba, yakashuka kuelekea ziwa. Asubuhi mama Kuluthumu alifungua mulango, akagusa sakafu kwa mukono, akaikuta kavu. Akawaamsha wajukuu wake. Wote walikuwa wamelala chini, miguu imenyooka.

Jumapili ile, shemeji ya Célestin alifika kutoka Rutshuru. Jina lake ni Magloire. Célestin alimuketisha mbele ya nyumba, akamuonyesha kanivo.

"Unaona hii? Niliingia kwa bourgmestre. Nikamuambia: Muheshimiwa, sisi walipa kodi tumechoka. Akainuka kwenye kiti. Akanipa mukono."

"Mukono wake mwenyewe?" Magloire aliuliza.

"Wa kuume."

Mama mumoja alikuwa anapita na beseni la avoka kichwani. Ni Umutesi, anayeuza kwenye mulango wa komini. Alisimama, akamutazama Célestin vizuri.

"Eh, papa wa benchi," alisema. "Mutoto yule hajambo?"

"Mutoto gani?" Magloire aliuliza.

"Wa yule mama wa samaki. Wamama watatu waliingia ndani kusema, papa huyu akabaki inje na mujukuu mugongoni, amefungwa kwa kitenge. Alizunguka benchi yangu akiimba. Kila mara ananiuliza: mama, unasikia wanasema nini ndani?"

Magloire alimugeukia shemeji yake. Léonie, ndani ya nyumba, alisikika akiweka sufuria chini taratibu ili asikose jibu.

Célestin alitazama kanivo. Akatazama avoka. Kisha kifua kikarudi mbele.

"Mutoto hakulia hata kidogo," alisema. "Muulize huyu mama."