Beseni la Istahil

Wodi nzima ilimjua Istahil kwa beseni lake la buluu. Kila asubuhi alimwogesha mumewe Yarrow, akalisuuza beseni kwa maji, kisha akampa yeyote aliyelihitaji. Istahil hakujua kunyima. Nyumbani kwake Garsen hata mpita njia haondoki bila kikombe cha chai, sembuse mgonjwa wa kitanda cha pili.

Yarrow alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Pikipiki ilimgonga mnadani, mguu ukavunjika, akapasuliwa na kutiwa vyuma. Mwanzoni kidonda kilikwenda vizuri. Halafu kikaanza kutoa usaha, na sindano alizodungwa hazikufua dafu. Daktari hakuzungusha maneno. Alimwambia Istahil kwamba hali ikiendelea hivi, mguu huenda ukakatwa. Istahil alikwenda kulia msalani ili mumewe asimwone.

Kwenye kitanda cha pili alilala Buya, mkulima wa mpunga aliyejikata kwa panga shambani. Kidonda chake nacho kikaharibika. Haukupita muda, mgonjwa wa tatu akapatwa na hali hiyo hiyo.

Hapo akaja sista Dorothy, muuguzi anayefuatilia maambukizi hospitalini. Alichukua usaha wa wagonjwa wote watatu. Akapangusa kwa pamba vitanda, bomba, mikono ya wauguzi na lile beseni la buluu. Vyote vikapelekwa maabara. Majibu yaliporudi, aliwaketisha Istahil na Sarah, mke wa Buya.

"Bakteria ni wale wale kwa wote watatu," alisema. "Ni sugu, yaani dawa tulizotumia haziwaui tena. Tumewakuta hata kwenye beseni."

Istahil alimkatiza. "Lakini sista, mimi naliosha kila mara."

"Kwa maji matupu, dada. Hayo hayawamalizi. Na si beseni peke yake. Wamo mikononi mwetu pia. Bomba la wodi limekauka, nasi tumekuwa tukitoka kitanda hiki kwenda kile bila kunawa."

Istahil alimgeukia Sarah kwa aibu. "Mimi ndiye niliyemletea mumeo haya."

"Ulituazima beseni wakati hatuna," Sarah alimjibu. "Hakuna aliyejua."

Wagonjwa watatu wakatengewa chumba chao. Bomba likatengenezwa, na vitanda vikasuguliwa kwa sabuni na klorini. Wauguzi wakawa wananawa kabla na baada ya kumgusa kila mgonjwa, na jamaa za wagonjwa vivyo hivyo. Kila mgonjwa akawa na beseni lake.

Maabara ilikuwa imeonyesha dawa moja ambayo bado inawaua bakteria hao. Yarrow alipojiona mzima alitaka kuiacha. Dorothy alimweleza kwamba dawa hii huachwa daktari akisema, si mgonjwa akijisikia nafuu, akamdunga mpaka dozi ikaisha. Usaha ukakoma kwa wote watatu. Mguu ukapona, na wodini hakuna mwingine aliyeambukizwa.

Siku ya kuruhusiwa, Yarrow akitembelea magongo na Istahil akiwa amebeba beseni lake la buluu, mwanamke mmoja aliyemleta mumewe alimsimamisha Istahil barazani. "Dada, niazime hilo beseni."

Istahil aliona uchungu. Hajawahi kumnyima mtu. "Hili sikupi," alisema.

Akatoka hadi dukani langoni, akarudi na beseni jipya jekundu.

"Hili ni la mumeo peke yake," alimwambia. "Usimpe mtu, hata akikuomba vizuri kama wewe."