Zege la Mashine Mpya

Kila siku baada ya shule, Chiriku alipitia kwenye mashine ya baba yake ya kusaga nafaka. Kazi yake ilikuwa kushika mdomo wa gunia unga ukimwagika, kisha kufagia. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika, hata mashine ikinguruma.

Siku hiyo alikuta mashine imezimwa. Mwenye nyumba alisimama mlangoni, funguo zikining'inia kidoleni.

"Mkataba wako umekwisha," alimwambia baba. "Nimepata mpangaji mwingine. Mwezi ukiisha nataka chumba changu kitupu."

"Si tulikubaliana, bwana? Ulisema nikae miaka miwili mingine!"

"Mimi? Sikukwambia neno. Nionyeshe ulipoandika."

Baba aliitazama mashine mpya. Miguu yake ilikuwa imezama ndani ya zege. Kuing'oa ni kuivunja.

"Binti yangu alikuwepo," alisema. "Alisikia."

"Haya. Kesho nitakuja na mwenyekiti wa soko. Aseme mbele yake."

Njiani kurudi nyumbani, baba alimshika Chiriku mkono. "Usiogope, mwanangu. Wewe sema tu miaka miwili."

Lakini Chiriku aliikumbuka vizuri siku ile ya kuchanganya zege la mashine mpya. Baba aliuliza kama mkataba utaongezwa, na mwenye nyumba akasema, "Endelea tu, fundi. Hayo mengine tutaongea." Miaka hakuitaja hata mmoja. Akisema hivyo, mashine itang'olewa. Na mashine ikienda, watakula nini?

Alimkuta mama jikoni.

"Mama, nikisema ukweli tutafukuzwa?"

"Huenda."

"Na nikidanganya?"

"Huenda tukabaki. Ila huo uongo utalala nao kitanda kimoja. Haya, menya viazi."

Kesho yake walikusanyika mbele ya mashine. Mama naye alikuja. Chiriku aliegemea gunia.

"Sema ulichosikia, binti," mwenyekiti alimwambia.

Alimtazama baba, akainamisha macho. "Hakusema miaka miwili."

Baba aligeuza uso kama aliyepigwa. Mwenye nyumba alicheka. "Mmemsikia? Kazi imekwisha!"

"Sijamaliza," Chiriku alisema, machozi yakimlengalenga. "Alisema, 'Endelea tu, fundi. Hayo mengine tutaongea.' Alisimama hapo hapo tukimwaga zege. Hata alitugombeza tusimchafulie viatu."

Kicheko kilikatika. Mwenyekiti akamgeukia mwenye nyumba. "Ni kweli?"

"Maneno ya mtoto hayo!"

"Mtoto huyu amesema linalomuumiza baba yake mzazi. Kwa nini akuzushie wewe?"

Mwenye nyumba alivitazama viatu vyake. Bado vilikuwa na doa la saruji kwenye ncha. "Nilisema," alikiri. "Kisha akaja huyu mwingine, nikaingiwa na tamaa."

"Ulimwacha mwenzako ajenge, sasa unataka abomoe? Kaeni chini muongee hayo mengine."

Waliongea mpaka wakakubaliana mwaka mmoja. Mwenyekiti hakumruhusu mtu kuondoka kabla mkataba haujaandikwa na wote wawili kutia sahihi.

Mwenye nyumba alipoondoka, baba alimwambia Chiriku, "Nisamehe, mwanangu. Nilisikia 'endelea', hiyo miaka nikaiongeza mwenyewe. Nikairudia moyoni mpaka nikaiamini."

"Ndiyo ubaya wa maneno matupu," alisema mama. "Neno la mdomo ni ahadi, na mwenye haya huitimiza. Lakini kila mtu hulikumbuka kwa faida yake. Siku nyingine andikeni kwanza, zege baadaye." Kisha akamgeukia Chiriku. "Na wewe, ukiulizwa, sema ulichosikia, si unachokitamani. Leo umeogopa na bado umesema. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sasa shika gunia, wateja wamepanga foleni mpaka barabarani."